Gesti ya Kando ya Barabara, Lushoto

Gesti ya bei nafuu Lushoto hujengwa kando ya barabara ipandayo kwa kona kutoka Mombo, ili mgeni aione milima ya Usambara na malori ya kabichi yamwone yeye. Mji huu, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal na kuukimbilia kwa ajili ya ubaridi wake, uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Gesti, kwa kuienzi historia, huuhifadhi ubaridi huo chumbani pamoja na blanketi moja jembamba.

Taratibu huanzia mapokezi. Mgeni hulipa kwanza, kisha hujaza daftari: jina, kabila, atokako, aendako. Chumba cha self huwa na choo ndani. Maji hubaki nje, kwenye ndoo. Hita ipo ukutani, lakini swichi yake anaijua mhudumu tu, naye jioni huenda kwao. Vifaa vingine ni neti yenye tundu la kumtosha mbu aliyeshiba, kandambili mbili za mguu wa kushoto, na kipande cha sabuni kinachokwisha kwa kutazamwa.

Usiku ni wa malori ya mboga yateremkayo. Alfajiri ni ya majogoo. Asubuhi huletwa chai ya rangi na andazi la jana. Saa nne kamili mlango hugongwa chumba kiachwe, na hiyo ndiyo huduma pekee isiyochelewa.

Bei ni nafuu kweli, na mandhari ni ya bure. Atakaye na usingizi aongeze fedha.