Usiku wa Kuamkia Ndege: Mwongozo kwa Msafiri wa Nyakitonto

Mtu wa Nyakitonto akipata safari ya ndege, ukoo mzima humsaidia kupanga ncha mbili. Inajulikana atadamka saa ngapi kuwahi gari la Kasulu, ataunganisha lipi kwenda Kigoma, na huko ng'ambo atapokewa na nani. Katikati hapaulizwi. Kumbe ndege inayotoka Kigoma na ile inayovuka bahari hazikuahidiana kukutana. Moja inakushusha Dar es Salaam jioni, nyingine inaruka kesho yake. Hapo katikati pana usiku mzima, nao una njaa yake, una mbu wake, na unakudai kitanda.

Shangazi yangu aliupita usiku huo alipokwenda Dubai kumwona mwanawe. Sanduku alilikabidhi Kigoma, akateremka Dar es Salaam mikono mitupu. Dawa zake za presha zilikuwa ndani ya sanduku. Kitenge cha kulalia kilikuwa ndani ya sanduku. Chupa mbili za asali alizomletea mdogo wake wa Gongo la Mboto, ambaye ndiye aliyempa kitanda, nazo zilikuwa humo humo, na sanduku lilikuwa limeshaandikiwa Dubai. Dawa zilipatikana duka la jirani. Asali haikupatikana, na mpaka leo kilichomuuma zaidi ni kubisha hodi kwa ndugu bila kitu mkononi.

Kwa hiyo mwongozo huu una neno moja kubwa: usiku wa kati nao ni safari. Uupange wa kwanza, usiuache uwe wa mwisho.

1. Tafsiri saa kabla hujafunga begi

Tiketi haihesabu kama sisi. Yenyewe inaanza siku katikati ya usiku na kuhesabu mpaka 24. Sisi tunaanza jua linapochomoza. Kuanzia 07:00 hadi 18:59, toa sita. Kuanzia 19:00 hadi 23:59, toa kumi na nane. Kuanzia 00:00 hadi 06:59, jumlisha sita.

Hatari iko kwenye tarehe. Tiketi ikisema tarehe 14, saa 00:45, hiyo ni saa saba kasorobo usiku, na usiku wenyewe ni wa kuamkia tarehe 14. Ukitakiwa kuripoti saa tatu kabla, basi unatakiwa uwanjani tarehe 13, saa nne kasorobo usiku. Anayesubiri tarehe 14 jioni ndipo aage, ndege yake imeshatua mbali. Kiswahili kilitupa maneno ya kutukinga na balaa hili: "usiku wa kuamkia". Yaandike kwa kalamu juu ya tiketi, kisha mpigie simu anayekupeleka uwanjani umsomee hivyo hivyo.

Ukilala Addis Ababa, ongeza uangalifu. Waethiopia nao huhesabu saa kuanzia mapambazuko kama sisi. Mhudumu wa hoteli akikuambia gari linaondoka saa tatu, huenda ni tatu yetu, huenda ni tatu ya tiketi. Muulize aiandike kwa tarakimu, na aseme ni asubuhi au usiku.

2. Isome lebo ya mzigo kabla haijaondoka

Kwenye kaunta ya kwanza, sanduku likiwa bado mizanini, uliza: "Mzigo huu unaishia wapi?" Kisha usiamini sikio peke yake. Lebo inayofungwa kwenye mkono wa sanduku ina herufi tatu kubwa za kituo cha mwisho. Kigoma ni TKQ, Dar es Salaam ni DAR, Nairobi ni NBO, Addis Ababa ni ADD, Dubai ni DXB. Ukiona DXB, sanduku hilo hutalala nalo. Ukiona DAR, utalichukua mwenyewe kwenye mkanda, utalala nalo, na kesho utalikabidhi upya.

Tofauti hiyo hutokana zaidi na tiketi. Safari ikiwa tiketi moja, mzigo unaweza kupitiliza. Ukinunua tiketi mbili mbalimbali, kila shirika linakuhesabu abiria mgeni: mzigo unauchukua na kuukabidhi wewe, na ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, usitarajie wa kukulipia hoteli. Bei nafuu ya tiketi mbili iongezee bei ya kitanda ndipo uilinganishe.

Ziko nchi zinazokata njia ya mzigo hata kwa tiketi moja. Anayekwenda Marekani huchukua sanduku lake kwenye uwanja wa kwanza anaoingilia, apite forodhani, alikabidhi tena. Na anayerudi nyumbani kutoka ng'ambo kwa kawaida hulichukua Dar es Salaam kabla ya kupanda ndege ya Kigoma.

Karatasi ndogo unayopewa, yenye namba sawa na ya lebo, ibandike nyuma ya pasi au uiweke pamoja nayo. Bila namba hiyo, kulitafuta sanduku ni kumtafuta mbuzi mweusi usiku mnadani.

3. Pima kwa mizani ya maharage

Mashirika mengi humruhusu abiria wa daraja la kawaida kilo 23 kwa begi, na yako yanayoruhusu zaidi au pungufu. Tiketi yako ndiyo inayosema. Nyakitonto hatukosi mizani ya kuning'iniza: wanunuzi wa maharage wanayo. Mpelekee begi lako jirani mwenye mizani siku mbili kabla. Kilo ya ziada ukiigundua nyumbani unamwachia mama. Ukiigundua kwenye kaunta unailipia.

Sasa mizigo yetu halisi: mawese, asali, dagaa, migebuka mikavu. Kwa kawaida kimiminika hakiingii na abiria ndani ya ndege ya kimataifa kikizidi chombo cha mililita 100, na viwanja vingi vimeshika sheria hiyo tangu 2006. Mawese na asali viende kwenye mzigo unaokabidhiwa: mfuniko ukazwe, chupa ifungwe ndani ya mifuko miwili, kisha izungushiwe kanga katikati ya nguo. Chupa ya mawese ikipasuka, sanduku zima linageuka rangi, na la jirani yake pia. Dagaa wafungwe mpaka harufu ikome. Na kabla ya kubeba chakula chochote nje ya nchi, muulize mwenyeji wako kama kinaruhusiwa huko. Nyama na matunda mabichi hukataliwa katika nchi nyingi.

Masanduku meusi yanafanana kama mapacha. Funga kipande cha kitenge kwenye mkono wa lako, andika jina na namba ya simu inayoanzia na +255 nje na ndani, kisha lipige picha.

4. Beba mfuko wa usiku

Huu ndio moyo wa mwongozo. Mfuko wa usiku ni begi dogo linalokaa nawe hata sanduku likienda Dubai peke yake. Tia dawa zote za safari nzima, kitenge au msuli wa kulalia, nguo moja ya kubadilisha, mswaki, sabuni, kandambili, chaja, na fedha taslimu za chakula na usafiri. Betri ya akiba ya simu ni lazima iwe humo, kwa kuwa betri za lithiamu zikishika moto kwenye shehena hakuna wa kuzizima. Kwa hiyo hazikubaliwi ndani ya mzigo unaokabidhiwa.

Nyaraka ziwe kwenye mfuko wa pili, mdogo zaidi, unaoning'inia kifuani. Huku kwetu tumeuona mfano bora wa jambo hili. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na wengi waliopata makazi katika nchi za mbali wameondoka na mfuko mweupe wenye herufi za buluu za IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Ndani mna karatasi zao zote, na mfuko hauachwi mpaka mwisho wa safari, kwa kuwa kila afisa wa uhamiaji njiani anautegemea. Mzazi aliyeshika mtoto kwa mkono mmoja na mfuko ule kwa mkono wa pili ametufundisha kipi kisiwekwe chini. Fanya kama yeye.

5. Chagua kitanda mchana

Vitanda viko vya aina nne.

Cha kwanza ni kwa ndugu. Hakuna hoteli inayokuamsha kwa jina lako la utotoni na kukupa chai kabla hujaondoka. Ila mwarifu mapema, mwambie saa ya kuingia na ya kutoka, na uulize nyumba iko umbali gani na uwanja. Ndugu wa Gongo la Mboto ni jirani wa uwanja; ndugu wa Bunju anakupenda vilevile, lakini foleni haikujui.

Cha pili ni gesti. Zitafute upande wa uwanja wenyewe, Kipawa, Banana na Ukonga, usivutwe na Kariakoo kwa kuwa umeisikia tangu utotoni. Omba kuona chumba kabla ya kulipa. Jaribu kitasa, fungua bomba, angalia kama neti ina matundu, chomeka simu uone kama soketi ina umeme. Uliza saa ya kukabidhi chumba, kwa kawaida saa nne asubuhi. Kama ndege yako ni ya jioni, omba mapokezi wakutunzie mzigo na wakupe stakabadhi. Beba kitambulisho kwa ajili ya daftari la wageni. Kama unaondoka saa nane usiku, lipa jioni, na upatane na dereva mmoja kwa jina na kwa bei. Mwenye sanduku apande teksi au bajaji. Bodaboda na sanduku ni ajali inayosubiri kona.

Cha tatu ni hoteli ya shirika la ndege. Baadhi ya mashirika humpa chumba abiria wa tiketi moja ambaye muda wake wa kungoja ni mrefu na hakuna ndege ya mapema zaidi. Uliza siku ya kununua tiketi, si usiku wa kulala. Na kama shirika lenyewe ndilo lililokuchelewesha, nenda dawati lake kabla hujatoka uwanjani, uombe kitanda na chakula kwa adabu na bila kuona haya.

Cha nne ni kiti cha uwanjani. Kwa saa chache kinatosha. Uliza kwanza kama abiria anaruhusiwa kungoja ndani usiku, vaa nguo nzito, na pitisha mkono kwenye mkanda wa begi kabla ya kusinzia. Uwanja wa Julius Nyerere wa Dar es Salaam una majengo mbalimbali ya abiria. Jengo la Tatu, lililofunguliwa Agosti 2019, si lile utakaloliona lenye paa la miavuli ya zege, ambalo ni la 1984. Hakikisha unangojea kwenye jengo lililotajwa na tiketi yako.

6. Ukilala nchi ya watu, ikumbuke kadi ya njano

Kutoka uwanjani kwenda hotelini ni kuingia nchi. Uliza mapema kama unahitaji viza, hata kama ni ya usiku mmoja.

Liko jambo linalowashtua wengi wakati wa kurudi. Tanzania hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa msafiri aliyetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na vilevile kwa aliyengoja zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi kama hiyo. Kenya na Ethiopia zimo katika orodha hiyo. Maana yake, usiku mmoja wa Nairobi au Addis Ababa unaweza kutosha kukudai kadi. Choma chanjo angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu Julai 2016 cheti chake hakiishi muda.

7. Sanduku lisipotokea

Mkanda ukisimama na lako halimo, usitoke nje kwenda kulilia getini. Nenda dawati la mizigo humo humo ndani, toa ile karatasi ya namba, onyesha picha, na usiondoke bila nakala ya taarifa yenye namba ya kumbukumbu. Mkataba wa Montreal wa 1999, unaoongoza safari nyingi za kimataifa, unampa abiria siku 7 za kuandika malalamiko ya mzigo ulioharibika, na siku 21 tangu alipoupata mzigo uliochelewa. Usipoonekana kwa siku 21, unahesabiwa umepotea na unadai fidia. Andika, usiseme tu. Malalamiko ya mdomo hayana tarehe.

Shangazi alisafiri tena mwaka uliofuata. Safari hii tulipima kila kitu kwa mizani ya jirani. Sanduku lilisoma kilo 22. Asali, maharage ya soya na dumu dogo la mawese tulivitia kwenye ule mfuko mkubwa wa mistari ya rangi unaoitwa shangazi kaja. Pale Kigoma akaomba lebo mbili: sanduku liandikwe DXB, mfuko uandikwe DAR. Mhudumu akamkubalia. Begani akabaki na mfuko wa usiku, na dawa zake ndani.

Usiku ule alinipigia simu kutoka Gongo la Mboto. Nyuma yake nikasikia vijiko, na sauti ya mtoto ikitangaza nyumba nzima, sijui kama alimtaja mgeni au mfuko: "Shangazi kaja!"