Mama Mkwe na Mzee wa Shimoni

Mjapani mmoja, Daisuke Amaya, alikaa miaka mitano akitengeneza gemu peke yake. Michoro yake, muziki wake, programu yake. Desemba 2004 akaitoa bure, jina Cave Story, nyepesi kiasi kwamba hata bando la kuunga unga linaishusha. Unakuwa roboti asiyekumbuka alikotoka, umetupwa kwenye kisiwa kinachoelea angani, unawatetea viumbe mithili ya sungura dhidi ya daktari mwenye uchu wa madaraka. Silaha zako zinapanda daraja kadiri unavyookota vipembetatu vya njano, na ukipigwa zinashuka. Unachuma taratibu, unanyang'anywa mara moja. Mkazi wa Dar haelezwi hilo mara mbili.

Huyo Amaya, hata hivyo, hakuwahi kuishi Wazo. Hapa kiwanda cha saruji kipo tangu 1966, na vumbi la malori yake na la barabara zetu halichagui kati ya mapafu na kibodi. Herufi Z ya kompyuta yangu ilimwagiwa uji na mwanangu, vumbi likaja kumalizia; sasa huitika inapotaka. Nimeshatuma barua ya kuomba kazi inayosema naishi "Wao", na hakuna aliyeuliza. Shida ni kwamba kwenye gemu hii Z ndiyo ya kurukia.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Korogwe kutibiwa macho. Hospitali walimwambia haoni vizuri. Kioo changu alikiona vizuri sana. Akavuta kigoda, akajifunga kanga vizuri, akatazama. Tukafika mahali profesa mmoja anapoporomoka shimoni.

"Baba Neema, mzee kaanguka."

"Naona, mama."

"Unaona halafu?"

Sasa hapo ndipo Amaya alipotutega. Ukishuka kumsemesha yule profesa, anakukabidhi mashine yake ya kurukia ya mgongoni, kisha anakata roho. Ukimruka ukaenda zako, mbele ya safari unamkuta mzima, na anakupa mashine bora kuliko ile. Nilikuwa nalijua hilo. Nenda kamweleze mama aliyekuzalia mke.

"Mama, ili apone atupe na mashine nzuri, inabidi tusimsaidie."

Alinitazama kwa muda. "Na mimi nikiteleza bafuni?"

Nikashuka. Profesa akatoa mashine, akatoa na roho. Mama mkwe akaweka mkono shavuni, akasema angalau amekufa ana mtu karibu, kisha akaniuliza kama ana watoto.

Nilichohitaji ni kufika kwenye alama ya disketi, maana gemu hii haihifadhi chochote mpaka uiguse. Nilikuwa sijaifikia shemeji alipochomeka pasi. Mita ya luku ilikuwa inalia tangu asubuhi, kila mtu akidhani mwingine atanunua. Giza. Nikanunua uniti kwa simu, nikabonyeza tarakimu 20 huku nikishikiwa tochi na mtoto anayemulika dari. Nikakosea katikati, nikaanza upya. Shemeji, kwa upande wake, aliuliza kama pasi bado ina moto.

Kompyuta ilipowaka tukarudishwa nyuma kabisa. Nikapigana upya na kila mdudu, mama mkwe akiwa bado pale pale, safari hii na bakuli la karanga. Profesa akaporomoka tena kama kawaida yake. Nikageuka kuomba ruhusa.

"Si ndiye yule yule?" akauliza.

"Ndiye, mama."

"Huyo tulishamzika. Mruke, twende tukachukue ile mashine nzuri."

Nikakimbiza roboti mpaka ukingoni, nikabonyeza Z kwa nguvu zangu zote. Haikuitika. Roboti akadondoka wima, tuli, hadi miguuni kwa profesa.

Mama mkwe akatema ganda la karanga. "Haya, msalimie basi, maana umeshafika."