Jinsi ya Kumtambua Mzee wa Chuma

Katika kona ya karakana ya zamani imekaa mashine ya useremala ambayo watu sita hawaisogezi. Kila aliyepo ana jibu. Mmoja anaapa ni ya Mjerumani, kwa kuwa ni nzito. Mwingine anasema ilikuwa ya kusaga mahindi. Wa tatu ameshampigia simu mnunuzi wa chuma chakavu. Watoe nje wote watatu, funga mlango, kisha fuata hatua hizi.

1. Usiiwashe. Hamu ya kuiona ikizunguka itakushika mara moja. Izuie. Chomoa umeme, ondoa mkanda, kisha zungusha shafti polepole kwa mkono. Mashine itasubiri, kidole kikikatika hakioti tena.

2. Ijue kazi kabla ya jina. Fuata njia ya ubao: unaingilia wapi, unakutana na kisu wapi, unatokea wapi. Meza mbili zinazofuatana, na visu vinavyozunguka katikati yake, ni randa ya kunyoosha uso wa ubao. Meza moja iliyo chini ya visu, pamoja na rola za kuvuta ubao, ni ya kusawazisha unene. Magurudumu mawili makubwa, moja juu ya jingine, ni msumeno wa mkanda. Shafti iliyochomoza wima katikati ya meza huchonga mifereji na nakshi za fremu. Patasi ya mraba yenye keekee ndani yake hutoboa matundu ya kuungia milango.

3. Usiamini rangi wala mota. Rangi hupakwa upya na kila mwenye mali, na ya zamani huenda ina risasi, kwa hiyo usiipige msasa ikiwa kavu. Bamba la mota nalo linaeleza habari za mota peke yake, na mota hubadilishwa. Ukiona puli mbili bapa zimekaa ubavu kwa ubavu, moja imekazwa kwenye shafti na nyingine inazunguka bure, umepata ushahidi mzito: mashine ilivutwa kwa mkanda kutoka shafti ndefu iliyoendesha karakana nzima. Fundi aliisimamisha kwa kuuhamishia mkanda kwenye puli ile ya bure.

4. Soma chuma. Chukua brashi, mafuta ya taa na tochi. Namba iliyosubiwa pamoja na chuma, yenye tarakimu zilizoinuka, kwa kawaida ni ya kipande hicho tu. Namba ya mashine yenyewe mara nyingi hugongwa kwa nyundo kwenye bamba au ukingoni mwa meza. Usilidharau jina la mji: Leicester, Uingereza, palikuwa nyumbani kwa Wadkin, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1897, Rochdale, Uingereza hiyo hiyo, palikuwa kwa Thomas Robinson, na Grand Rapids, Marekani, palikuwa kwa Oliver. Lakini bamba dogo pekee laweza kuwa la muuzaji.

5. Pima. Meza yenye upana wa milimita 305 ni inchi 12, nawe uelekeze macho Uingereza au Marekani. Ikiwa ni 300 au 400 kamili, elekea Ujerumani na majirani zake. Nati zitakusaidia pia: hesi za Whitworth za Waingereza zina pembe ya nyuzi 55, za Marekani na za metriki zina 60. Bolti ikikataa, usiilazimishe.

6. Kagua kichwa cha visu. Hapa pana umri na uhai kwa pamoja. Randa za kale za kusukuma ubao kwa mkono zilikuwa na kichwa cha mraba, chenye mwanya mpana uliomeza vidole hadi mfupani. Uingereza ilikikataza kwa kanuni za mwaka 1922 na kuagiza kichwa cha mviringo. Ukikuta cha mraba, huenda mashine ni ya kabla ya hapo, na haifai kazi hata siku moja mpaka kibadilishwe.

Mwisho, piga picha bamba, namba na kila upande, na uandike ulichokiona daftarini kabla hujafungua hata nati moja. Yule wa chuma chakavu mwambie asije. Mashine iliyotambulika hutafutiwa beringi, visu na fundi. Isiyojulikana huuzwa kwa kilo.