Gari Halimjui Mwenyewe: Majibu kwa Waliopoteza Funguo

Ufunguo wa gari la kisasa una kazi tatu zisizotegemeana. Chuma kilichochongwa hugeuza swichi na kuachia usukani. Chipu iliyofichwa kwenye kichwa cha plastiki hulihakikishia gari kwamba anayegeuza swichi si mwizi. Rimoti, kama ipo, hufunga na kufungua milango kwa mbali. Nusu ya malalamiko yanayofika kwenye safu hii hutokana na kulaumu kimoja kwa kosa la kingine. Nusu iliyobaki hutokana na kumlaumu mke.

Mwenye IST, Mbagala, hajauona ufunguo tangu Jumapili. Mganga amesema uko mahali penye maji. Tanki limekaushwa, kisima kimechunguliwa, na familia sasa inaoga kwa jirani.

*Jibu:* Kabla ya kukausha kisima, hutafutwa pa karibu: mfuko wa suruali ya jana, chini ya kiti cha dereva, tundu la buti, mkononi mwa mtoto. Hata hivyo mganga huenda amepatia, kwa kuwa beseni la nguo nalo ni mahali penye maji. Ufunguo uliofuliwa hautupwi. Chipu yake haina betri, imezibwa ndani ya kioo au plastiki ngumu, na kwa kawaida huvumilia sabuni. Kinachoumia ni rimoti: ifunguliwe, betri itolewe, na ubao ukaushwe kabisa kivulini kabla ya kuwekwa betri nyingine.

Mwenye Harrier, Kinondoni, amechongewa ufunguo wa pili. Unafungua mlango, unageuka kwenye swichi, injini inawaka sekunde moja au mbili kisha inazima. Anamtuhumu fundi, mafuta yaliyochakachuliwa na shemeji yake.

*Jibu:* Wote watatu hawana hatia. Kuzunguka tundu la swichi kuna pete ya waya. Swichi ikiwashwa, pete hiyo hutoa mawimbi ya redio ya masafa ya chini, mara nyingi kilohezi 125 hivi, yanayoipa chipu umeme wa kuiamsha ikiwa sentimita chache tu kutoka hapo. Chipu za mwanzo zilitaja namba ileile kila siku. Za baadaye huulizwa swali jipya kila mara na kulijibu kwa hesabu ya siri. Jibu lisipolingana na lile linalotarajiwa na kompyuta ya gari, mafuta au cheche za plagi hukatwa. Mfumo huu ndio imobilaiza. Fundi alilipwa achonge chuma, na chuma amekichonga vizuri. Chipu haikuwemo kwenye mapatano.

Magari mengi yana taa ndogo nyekundu kwenye dashibodi, inayopepesa ufunguo ukitolewa. Ikiendelea kupepesa ufunguo ukiwa ndani, gari limemkataa mgeni. Mwenye kutaka uhakika azungushie karatasi ya foili kichwa cha ufunguo wa asili: gari lenye imobilaiza kwa kawaida litagoma, na foili ikitolewa litawaka.

Mwenye Probox, Kisumu, anaona gari lake linawaka kwa ufunguo wa chuma mtupu uliochongwa sokoni, na anauliza kama ashukuru.

*Jibu:* Ashukuru nusu. Imobilaiza ni sharti la sheria katika nchi kadhaa tu: Ujerumani ililiweka kwa magari mapya kuanzia Januari 1998, Uingereza Oktoba mwaka huohuo, Australia 2001 na Kanada 2007. Baadhi ya magari ya bei nafuu yaliyouzwa Japani hayakuwekewa, na mengine ya aina hiyo ndiyo hushushwa Mombasa na Dar es Salaam. Marekani nayo haikuweka sharti hilo. Kia na Hyundai ziliuza huko magari mengi ya ufunguo wa kugeuza, ya kati ya mwaka 2011 na 2021, yasiyo na imobilaiza, ilhali yaliyouzwa Kanada yalikuwa nayo. Mwaka 2022 zilienea video za vijana wakiyawasha kwa kichwa cha waya wa USB, na wizi wake ukapaa.

Probox kama hiyo inahitaji kufuli la chuma la usukani na swichi ya siri inayokata pampu ya mafuta. Siri ikishajulikana na fundi, kijana wa fundi, dereva wa zamani na muosha magari, imebaki swichi tu.

Mwenye Noah, Morogoro, amepoteza ufunguo wake wa pekee. Anayo kadi ya gari, risiti za ununuzi na picha aliyopiga akiwa ameegemea boneti. Anaona vithibitisho hivyo vinatosha gari limtambue.

*Jibu:* Vinamtosha fundi; gari halisomi kadi. Gari halimjui mwenyewe, linaujua ufunguo, na hapo ndipo ugumu wote unapoanzia. Fundi mwaminifu ataomba kadi ya gari, ambayo Kenya ni logbook, pamoja na kitambulisho na taarifa ya upotevu kutoka polisi. Asiyeomba chochote atamchongea na mwizi.

Kazi yenyewe ina hatua mbili. Kwanza ni chuma: huchongwa kwa kufuata namba ya ufunguo, ambayo huwa kwenye kibati kidogo kilichokuja na funguo gari likiwa jipya. Kibati kisipokuwepo, kitasa hufunguliwa ili kusoma meno yake. Pili ni chipu: kifaa cha fundi huchomekwa kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, na kompyuta hufundishwa ufunguo mpya. Kuna magari ambayo hayakubali kufundishwa mpaka yaonyeshwe kwanza ufunguo yanaoujua. Hayo yakibaki bila hata mmoja, kontroli boksi hufunguliwa ili kumbukumbu yake iandikwe upya, au hubadilishwa kabisa. Ndiyo maana ufunguo wa mwisho kupotea ni ghali kuliko wa kwanza. Fundi akiwa kazini aombwe pia afute funguo zilizopotea, ili atakayeziokota asiweze kuliwasha gari.

Fundi aitwe lilipo gari. Gari la automatiki halivutwi kwa kamba huku magurudumu yanayoendeshwa yakizunguka, maana gia zake huweza kuungua kwa kukosa mafuta ya kulainisha. Hubebwa juu ya lori.

Mwenye Crown, Mikocheni, ana ufunguo usioingizwa popote, gari la kubonyeza kitufe. Betri ya ufunguo imekufa nje ya ukumbi, bibi harusi akiwa kiti cha nyuma.

*Jibu:* Harusi iendelee. Ubavuni mwa ufunguo huo kuna kibanio. Kikisukumwa, hutoka ufunguo mdogo wa chuma wa kufungulia mlango wa dereva. Kwa Toyota nyingi, dereva hukanyaga breki, akagusisha kichwa cha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia hadi alamu ndogo ilie, kisha akabonyeza. Chipu isiyohitaji betri imo humo pia. Betri yenyewe ni ya volti 3, mara nyingi CR2032 au CR1632.

Funguo za aina hii zina udhaifu wake. Wezi wawili, mmoja karibu na gari na mwingine karibu na dirisha la nyumba, huweza kurusha mawimbi ya ufunguo kwa vifaa hadi gari lidhani mwenyewe amefika. Usiku ufunguo ulale ndani ya kopo la chuma lenye mfuniko, mbali na dirisha.

Mwenye Vitz, Tanga, ana alamu inayolia saa nane usiku bila mwizi. Majirani wameanza kutamani mwizi.

*Jibu:* Hukaguliwa swichi ya boneti, ambayo vumbi na maji huifanya iripoti kwamba boneti imefunguliwa; kisha betri ya gari iliyochoka. Alamu ya kiwandani hulia pia gari lililofungwa kwa rimoti likifunguliwa kwa ufunguo wa chuma. Mara nyingi kuliwasha kwa ufunguo linaoujua huinyamazisha.

Mwenye RAV4, Mombasa, amefungia ufunguo ndani ya gari.

*Jibu:* Kama hakuna mtu ndani, fundi asubiriwe na mfuko wake wa kupulizwa hewa na fimbo ndefu. Waya uliopitishwa kwa pupa ndani ya mlango hukata nyaya. Kama kuna mtoto ndani, hakuna kusubiri: joto hupanda ndani ya dakika chache. Hupigwa kioo cha mlango kilicho mbali na mtoto, pembeni, kwa kitu kigumu chenye ncha. Kioo cha mbele kimeunganishwa na utando wa plastiki na hakipasuki kirahisi.

Mwenye Passo, Dodoma, ana ufunguo mmoja, hajapoteza kitu, na anauliza kama anaruhusiwa kuandika.

*Jibu:* Ndiye pekee aliyeandika kwa wakati. Ufunguo wa pili usajiliwe sasa, wa kwanza ungali hai, na ujaribiwe kwa kuwasha injini na kuiacha iungurume, si kwa kufungua mlango tu. Namba ya kibati inakiliwe na kuwekwa nyumbani. Ikikaa ndani ya gari humsaidia mwizi. Ufunguo wa akiba ukae kwa mtu anayepokea simu. Kuziweka zote mbili kwenye pete moja ni kujiandaa kuzipoteza kwa pamoja.