Mpime Mgeni Kabla Hajaoga

Ukitaka kujua kama mgeni alistarehe katika msitu wa milima ya Rwenzori, Uganda, usimngojee kwenye lango la hifadhi la Nyakalengija siku anaposhuka. Pale ameshavua mabuti, ana chai ya moto mkononi na picha za theluji kwenye simu. Mpe fomu yoyote, ataweka alama ya "vizuri sana" hadi kwenye mstari wa tarehe. Mfuate juu, bonde la Mubuku, wakati angali amelowa.

Anza na soksi. Mwombe avue, kisha uzishike. Soksi ya jasho ni jambo la kawaida mlimani. Soksi iliyojaa tope na mchanga, pamoja na kisigino kilichochubuka, inakueleza kwamba aliyempa mabuti ya mpira hakuutazama mguu. Andika alama ya chini hata kama anatabasamu, maana wageni wengi wanaona haya kulalamika mbele ya mtu aliyewabebea begi. Nilimsikia kiongozi wa njia akimwuliza mama mmoja wa Kampala, "Mama, baridi iko aje?" Akajibiwa, "Niko sawa kabisa, mwanangu." Vidole vya yule mama vilikuwa vimeshindwa kufunga zipu ya koti. Amini vidole.

Halafu joto. Mwaka 1970 Mdenmark Povl Ole Fanger alitoa kitabu kilichofundisha dunia kupima raha ya mwili kwa mambo sita: joto la hewa, joto la vitu vinavyomzunguka mtu, mwendo wa hewa, unyevu, nguo, na kazi ambayo mwili unafanya. Kipimo chake kinaanzia -3, yaani baridi, hadi +3, yaani joto; sifuri ndiyo raha. Ni kazi nzuri, ila waliopimwa walikuwa wanafunzi waliotulia ndani ya chumba. Mubuku hakuna anayetulia. Kutoka Nyakalengija hadi kibanda cha Nyabitaba unapanda karibu mita 1,000, na mlimani kila mita 1,000 hupunguza joto kwa kama nyuzi 6. Akipanda, mgeni anatokwa jasho, yuko +2. Akikaa kufungua biskuti, jasho lilelile linamgeukia, na pakiti haijaisha yuko -2. Kwa hiyo mpime mara mbili, akiwa anatembea na akiwa ameshakaa dakika 10, na usithubutu kutafuta wastani. Wastani utakupa sifuri, nawe utamwandika mtu anayetetemeka kuwa yuko raha mustarehe.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakihitaji kumwuliza mtu lolote: upana wa njia. Mgeni aliyechoka na tope halalamiki, anakwepa. Anakanyaga ukingo wenye nyasi, anayemfuata anakanyaga pembeni zaidi, na baada ya misimu michache njia ya mtu mmoja imekuwa uwanja wa matope. Ndiyo maana kule juu, kwenye kinamasi cha Bigo, zimewekwa njia za mbao: zinaokoa miguu ya watu na kuokoa kinamasi kutokana na miguu hiyo. Hifadhi ya Milima ya Rwenzori ilitangazwa mwaka 1991 na kuingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1994, na mimea ya kinamasi ni sehemu ya utajiri uliolindwa. Basi chukua utepe wa kupimia, upime njia pale inapopanuka, uandike mahali. Hapo ndipo raha ilipoishia, na hapo ndipo fedha za ukarabati zinapotakiwa kwanza.

Sasa jambo ambalo fomu za hifadhi nyingi hulisahau. Mwaka 1906 Duke wa Abruzzi kutoka Italia alipita bonde hilihili la Mubuku akafika kilele alichokiita Margherita, jina la malkia mama wao. Baridi ya mabwana wale imeandikwa vitabuni. Ya wenyeji Wakonzo waliowabebea mizigo ni nani aliyeipima? Mpagazi yuko kwenye mvua ileile, na mzigo wa mtu mwingine mgongoni. Raha ya mgeni imejengwa juu ya mwili wake, na kumwacha nje ya hesabu ni dhuluma.

Chapisha basi fomu ya pili yenye maswali yaleyale. Ongeza matatu: ulilala wapi, nguo zako zilikaukia wapi, koti ni lako au la kuazima? Umpe mpagazi baada ya kulipwa na baada ya bakshishi kugawanywa, wakati gari la wageni limeshaondoka kuelekea Kasese. Ukimwuliza kabla ya hapo, atakujibu kwamba yuko sawa kabisa.