Sifa za Yai la Buibui

Yai la buibui halina joto lake lenyewe. Huchukua la mahali lilipotagwa, na kwa adabu hiyo limewapita wageni wengi wanaofika Arusha mwezi Julai na kulalamikia baridi. Kuku huatamia siku 21, masika au kiangazi. Mayai ya buibui hayajifungi kwa tarehe: kukiwa na joto, kiinitete hukua upesi, baridi ikiingia, hukua taratibu, na ikizidi, ukuaji husimama hadi hali ya hewa itakapotengemaa. Joto kali nalo huua, ila jiji lililo kwenye mita 1,400 hivi juu ya bahari halina haja ya kuliogopa sana, labda chini ya bati saa nane mchana.

Mlima Meru huionyesha nidhamu hii vizuri zaidi. Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza takriban nyuzijoto 6, hivyo mayai ya aina moja yakitagwa siku moja, ya kwenye vibanda vya Soko la Kilombero jijini Arusha yatatangulia kuanguliwa, na ya Miriakamba, kituo cha kulala wapanda mlima kwenye mita 2,500 hivi, yatafuata baadaye sana. Hakuna anayeona aibu kwa kuchelewa.

Kifuko cha hariri hukinga mayai yasikauke, lakini hakizalishi joto. Hilo hutafutwa na mama. Buibui wa jamii ya Lycosidae, wanaowinda ardhini bila utando, hufunga kifuko nyuma ya tumbo na kutoka nacho kuota jua. Wanaoishi mashimoni hukiinua mlangoni na kukigeuza. Huduma hii haitozwi hata senti. Yule mwenye miguu mirefu wa kwenye pembe za dari ni mkarimu kupita kiasi: hubeba mayai yake mdomoni, yakiwa yameshikwa kwa nyuzi chache tu, na kwa muda huo kula kwake ni kwa shida. Dari ya juu ya jiko humfaa mno, kwa kuwa moto wa ugali huharakisha uzazi wake bila mwenye nyumba kuombwa ruhusa.

Vitoto vikianguliwa hubaki kwanza kifukoni hadi vijivue ngozi. Kisha baadhi, hasa siku ya joto yenye upepo mwanana, hupanda juu, huachia uzi na kubebwa na hewa. Vingine havisafiri mbali. Hutosheka na dari iliyofagiliwa juzi.