Breki Zikishika Kabla ya Kikopey

Usikimbilie spana. Mwenye Land Rover ya Series II, au Peugeot 404 zile za mwanzo zenye dramu kwenye magurudumu yote manne, kwanza huhitaji mashahidi. Simama kando ya barabara pale Free Area, fungua boneti, kuna kichwa. Watakuja wenyewe: mwendesha bodaboda, muuza mahindi ya kuchoma, na mzee wa kukukumbusha kwamba 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966. Ni kweli kabisa. Gurudumu bado limeshika.

Mwenye nyundo naye hakosekani. Mruhusu agonge, mradi ujue dramu ni chuma cha kusubu: hakibonyei, kinapasuka.

Kama unaelekea Nairobi, ipo tiba ya Kikopey. Gari linatoka Nakuru vizuri, Mbaruk linaanza kuwa zito, Kikopey linakataa. Agiza mbuzi, kula polepole, teremshia na supu. Ukirudi, gari linasukumika kwa mkono mmoja, na sifa zote zinamwendea kijana aliyekuwa akimwagia dramu maji. Ukweli hauna utamu wa mbuzi. Oili ya breki ikipata moto hupanuka, na inatakiwa irudi kwenye chupa yake kupitia kitundu kidogo ndani ya masta silinda. Pedali iliyokazwa mpaka haina mchezo huiacha pistoni ikiziba kitundu hicho. Oili inakosa pa kwenda, inasukuma viatu vya breki, viatu vinasugua dramu, joto linazidi. Dawa ni kurekebisha kijiti cha pedali ili ipate mchezo kidogo tu. Lakini kwa nini ujinyime nyama?

Ukiona lazima ujue ugonjwa uko wapi, kuna kipimo ambacho mafundi wengi hawakitangazi, maana kinakwisha upesi mno kulipisha siku nzima. Zuia magurudumu mengine kwa mawe, inua lililoshika kwa jeki, egemeza gari kwenye stendi, kisha legeza nipu ya kutolea hewa. Oili ikiruka na gurudumu likaachia, presha ilikuwa imenaswa. Kaza nipu, mtu akanyage breki hadi gurudumu lishike tena, halafu legeza paipu ya chuma pale inapoungana na hosi ya mpira. Likiachia, rudi kwenye masta. Likigoma, hosi imevimba ndani: mguu wako una nguvu za kupitisha oili, springi za viatu hazina nguvu za kuirudisha. Kwa nje hosi hiyo itapendeza, hasa ikiwa imepakwa grisi.

Nipu ikiwa wazi na gurudumu halitikisiki, ubaya umo ndani ya dramu: pistoni za wili silinda zimeota kutu, springi imeshikizwa kwenye tundu lisilo lake, au ajasta imekazwa kwa bidii kupita kiasi. Hapo mtu atailaumu handibreki. Ya Land Rover hizo hushika shafti nyuma ya gia boksi, haigusi gurudumu hata moja, kwa hiyo haina kesi. Ya 404 ilaumiwe tu. Kebo zake zinafika nyuma.

Ukiwa Njoro utashauriwa kujazia oili ya trekta, kwa kuwa ipo na ni ya bure. Kubali, ikiwa unatafuta kazi ya mwezi mzima. Oili hiyo huvimbisha raba za breki, na baada yake utabadilisha za masta, za wili silinda zote, na hosi juu yake. Duka lina oili halisi ya breki kwenye chupa ndogo. Iliyofunguliwa mwaka jana iache hukohuko rafuni, imekwisha kunywa maji ya hewani, na maji hayo ndiyo mama wa ile kutu.

Vumbi la ndani ya dramu usilipulize kwa mdomo, ijapokuwa ndiyo desturi. Lainingi za zamani zilikuwa na asbesto. Lilowanishe, ulifute. Hapa sina mzaha.

Mwisho, endesha hadi Lanet na kurudi, ukikanyaga breki kidogo iwezekanavyo, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na kila dramu. Moja ikiwaka kuliko zote, fundi atasema hiyo si kitu, itajizoesha. Mwambie aishike.